Tumbo la Kibuyu Linaimba

Paukwa!

Pakawa!

Nanyi wazee mnaosinzia, itikieni. Mna mbuzi nyumbani.

Pakawa!

Hapo zamani za kale, mbuzi walipokuwa na ndimi ndefu kuliko mikia, Mama Mbuzi alizaa. Mtoto akaitwa Kibuyu. Tumbo lake, ndii! Miguu yake, njiti.

"Tazameni mwanangu alivyoshiba!" Mama Mbuzi akatamba malishoni.

Kanga akacheka, kekeke! "Shoga, tumbo limejaa, mgongo umekauka, mkia umechafuka kwa kuhara. Huko ndiko kushiba? Mpeleke kwa Bibi Punda akanyweshwe dawa ya minyoo."

"Wivu tu! Wanao wadogo kama ngumi."

"Ngumi zangu zinakimbia, shoga."

Siku hiyo hiyo wanambuzi wakaruka mtaro. Ruu! Ruu! Ruu! Kibuyu naye akaruka. Chubwi! Akalala majini. Hakuinuka.

Mama Mbuzi akamburuta nje. Akatega sikio tumboni. Akasikia wimbo:

"Kula, Kibuyu, kula,
wewe tafuna, sisi tunashiba!"

Loo! Mbio, mwana mgongoni, pu pu pu, hadi kwa Bibi Punda, mganga wa zizi.

"Bibi, mwanangu anakufa!"

"Analiwa. Mshike kichwa."

Dawa ikateremka polepole, gudu, gudu. Kibuyu akakunja uso. Huko ndani wimbo ukakatika. Kesho yake minyoo wakatoka, pyaa, kama nyuzi za shuka kuukuu. Nyie watoto msicheke, nanyi mna matumbo.

Tumbo likanywea. Mama Mbuzi akalia, "Bibi, umempunguza mwanangu!"

"Nimempunguza wageni."

Mwezi haujaisha, Kibuyu akaruka mtaro. Ruu! Akamruka mama yake. Akamruka na Kanga. Malisho yote, vigelegele!

Masika yakaja, Mama Mbuzi akazaa tena. Mtoto mwembamba, tumbo la kawaida. Alipoanza tu kula majani, mama akamchukua kwa Bibi Punda.

"Anaumwa nini?" akauliza Kanga.

"Haumwi. Ndiyo maana nakwenda leo."

Nyuma yake wakafuata wanakondoo na ndama, foleni ndefu, kila mmoja na mama yake. Minyoo wakabaki kwenye majani mabichi wanakovizia matumbo, vijiko mkononi, wakiimba kwa njaa.

Basi sikieni: tumbo kubwa si shibe. Mnyweshe mtoto dawa kabla tumbo halijaanza kuimba.

Hadithi yangu nimeifunga hapo kwa kamba, kama mbuzi. Anayeitaka na aje aichunge.