Waziri Aliyekataa Kuvua Viatu

Waziri Lugendo alikamatwa akituhumiwa kuuza dawa za hospitali. Alipofikishwa kituoni, Koplo Nyamizi, askari wa kaunta, alimwomba avue viatu na mkanda kama mahabusu wote.

"Unanijua mimi?" Lugendo alifoka. "Sheria za walalahoi waachie walalahoi!"

"Samahani, mheshimiwa," Nyamizi alisema kwa unyenyekevu. "Niandikie tu hapa kwamba sheria na haki za watu wa kawaida hazikuhusu, nami sitakugusa."

Lugendo aliandika kwa mbwembwe, akatia saini, kisha akajitupa kwenye kiti cha koplo.

Adhuhuri wakili wake alifika kumwombea dhamana. Nyamizi akamwonyesha ile karatasi.

"Wakili na dhamana ni haki za watu wa kawaida. Mheshimiwa amezikataa kwa mkono wake."

Lugendo aliruka kitini. "Mimi ni mtu wa kawaida! Kama hao walio ndani!"

"Basi liandike na hilo, mheshimiwa."

Aliliandika, akatia saini. Wakili akapewa fomu za dhamana ajaze, na Lugendo akavua viatu na mkanda, akafunguliwa mlango wa mahabusu asubiri humo.

"Jamani, sogeeni," mzee mmoja aliyeshukiwa kuiba kuku aliwaambia wenzake. "Mwenzetu amefika."