Mlinzi wa Barua za Mshonaji

Wanawake wenzangu, acheni kunong'onezana huko nyuma. Umbea wa leo ninao mimi, na ninaumwaga hapa mbele.

Mshonaji mmoja wa sare za shule alikosana na binti yake wa pekee. Binti aliolewa mbali, na mtu ambaye mama hakumtaka. Kwa hasira mama akabadilisha namba ya simu. Ikabaki barua pepe ya duka, ile ya kupokelea oda. Binti akiandika, mama hasomi. Anaikamata barua na kuitupa kwenye folda ya barua taka, kule wanakotupwa matapeli wa "umeshinda gari".

Sasa, mle ndani ya mashine kuna mlinzi. Yeye hamjui binti wala tapeli. Anatazama mkono wako tu. Unachokitupa leo na kesho, keshokutwa anakutupia yeye mwenyewe, wala hakwambii.

Mwaka ukapita. Jumapili moja mahubiri yakamchoma mama, akasimama mbele ya watu, machozi yakitiririka. "Nimemsamehe mwanangu! Aandike neno moja tu, mlango uko wazi."

Kanisa zima vigelegele.

Akarudi dukani, akangoja. Kila asubuhi anafungua: oda za sare, bei za vitambaa. Binti kimya. Wiki, mwezi. Msamaha ukaanza kuchacha. "Mnaona kiburi chake? Hata kuandika!"

Asubuhi moja akaingia shangazi wa mkwewe, hodi hakupiga.

"Mkwe, una roho gani wewe? Mwanao anapasuliwa leo, mtoto amekaa vibaya tumboni, na barua zake humjibu?"

"Barua gani? Hajaniandikia hata herufi!"

"Anaandika kila wiki! Fungua hiyo mashine tuone nani mwongo."

Akafungua. Oda, oda, oda.

"Umeona? Hamna kitu!"

"Na huku je?" Shangazi akaigonga kwa kidole ile folda ya taka.

Ikafunguka. Jina la binti. Chini yake jina la binti. Chini yake tena. Ya juu kabisa ilikuwa ya alfajiri ileile: "Mama, saa tatu naingia chumba cha upasuaji. Nitumie neno moja niende nalo."

Saa tatu ilikuwa imeshapita.

Jamani, nani alimfukuza binti yule? Mashine? Msinijibu, jijibuni.

Haya, shusheni pumzi: alitoka mzima, yeye na mtoto. Lakini aliingia mle akijua mama yake hamtaki, na saa zile hakuna wa kumrudishia.

Na sisi je? Tunasamehe kwa mdomo, tena kwa kipaza sauti, lakini mkono tuliufundisha zamani, nao haujasikia habari. Tumemsamehe wifi, ila akitokea mlangoni uso umeshageuka kabla hajasalimia. Halafu tunalalamika: mbona haji? Yule mama alikaa siku nzima akizitoa barua zile takani, moja baada ya nyingine, mpaka mlinzi akajifunza upya. Kile kilio cha kanisani kilikuwa kilio tu. Toba ilikuwa hii.

Na wewe uliyekaa benchi moja na dada yako, ukaacha katikati nafasi ya watu wawili, nakuona.

Sogea.