Mtu Aliyetaka Kuwa na Hakika

Mtu mmoja wa milima ya Rungwe, jina lake Ambilikile, alikuwa na kaka mmoja tu, naye alimvunjia kaka huyo heshima siku ya kumzika mama yao. Alimwita mwizi wa shamba mbele ya waombolezaji, na haikuwa kweli. Kaka, aliyeitwa Asajile, alichukua koti lake akaondoka. Miaka ikapita bila wao kula sahani moja. Kisha Asajile akatuma neno kwa shangazi yao: mdogo wangu aandae ile bia anayoijua, nitakuja baada ya mavuno ya viazi tuinywe, na maneno yale tuyazike.

Ambilikile alilia kwa furaha. Bia aliijua kweli, maana ujana wake wote aliumaliza katika kiwanda cha bia. Si pombe ya kupikwa leo ikanyweka kesho. Hii ni bia ya baridi, ya polepole. Aliotesha shayiri ikawa kimea, akaikausha, akaitwanga, akapika, akapoza, akatia hamira, akaiacha ichachuke taratibu katika ghala la nyuma lisiloingia jua. Ilipotulia akaitia kwenye chupa, kila chupa na sukari kidogo, akafunga vizibo. Sasa ilibaki kazi moja, nayo ni kuiacha. Humo gizani bia hujitengenezea gesi yake yenyewe, na mtu hana cha kuisaidia.

Kazi hiyo ndiyo iliyomshinda. Hakukalika. Akiwa shambani aliwaza chupa, akiwa kanisani aliwaza chupa. Je, kama haina gesi? Je, Asajile akinywa akasema huyu ni yule yule, maneno mengi na ndani hamna kitu? Akaenda ghalani akafungua moja. Ikapumua, fyuu. Akafurahi, akaifunga. Lakini furaha ile haikufika jioni. Hiyo imeiva, na nyingine je? Akafungua ya pili, akafungua ya tatu, akarudia ile ya kwanza, nayo safari hii ikapumua kwa shida. Hapo akaogopa hasa, na kwa kuogopa akazidi kufungua. Kikulacho ki nguoni mwako. Mkewe Tusekile akamwambia, "Baba Lusajo, si unaitoa mwenyewe hiyo unayoitafuta?" Akajibu kwamba anataka tu kuwa na hakika.

Asajile akaja, mkungu wa ndizi begani. Chupa ya kwanza ikafunguliwa, kimya. Ya pili, kimya. Ambilikile akatamani ardhi ipasuke immeze. Lakini Asajile akacheka, kicheko kile kile cha utoto wao, akajimiminia, akanywa mpaka chini, akasema yaliyopita yamepita. Wakala pamoja. Tusekile akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Yangeishia hapo, na ingekuwa heri. Lakini Ambilikile akauliza, "Kaka, umenisamehe kweli?" Asajile akasema ndiyo. Walipokuwa wakinawa mikono akauliza tena, na Asajile akasema ndiyo, ila hakumtazama. Chai ilipokuja akauliza tena, kwa sababu hakutazamwa. Asajile akaweka kikombe chini.

"Mdogo wangu, nilipofika hapa sikuwa na kinyongo hata chembe. Ukiniuliza tena, nami nitaanza kujiuliza."

Ambilikile akainuka kumsindikiza. Njia nzima alibana midomo, jasho likimtoka katika baridi ile. Swali lilimwasha ulimini. Alijisemea kwamba akivuka siku hii moja tu amepona. Walipofika njia panda wakashikana mikono, naye akaona kama mkono wa kaka yake umelegea kidogo. Akauliza.

Asajile akauachia mkono wake. Alisimama akiutazama mlima, akakumbuka kaburi la mama yao na watu waliokuwa wamelizunguka, na neno lile aliloitwa. Kisha akashika njia yake, na nyumbani kwa Ambilikile hakukanyaga tena.

Basi niambieni, ninyi mnaosamehewa kila siku: msamaha ule ulipotezwa na aliyeutoa, au na aliyeupokea?