Kigoda cha Nakunda Chenye Mguu Mfupi

Sogeeni karibu, na mwenye karanga azitafune kimyakimya. Mimi nikikatizwa nasahau, na nikisahau shauri yenu.

Zamani, huku milimani Kwembago, vigoda vyote vilikuwa na miguu iliyo sawa. Vilitoka kwa mafundi wa tambarare, watu ambao hawajawahi kupika kwenye mteremko. Jiko la huku upande mmoja uko juu, mwingine chini. Basi wanawake walipika wameegemea ukuta, mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine umejishikiza chini. Wala hawakulalamika. Walidhani ndiyo mapishi yenyewe.

Nakunda naye alipika hivyo mpaka alipopata ujauzito. Tumbo likakua, mgongo ukawa hauna raha. Siku moja aliteleza kigodani, akabaki amekaa kwenye majivu, anacheka huku machozi yanamtoka. Mumewe, Senkondo, alimwona, na roho ikamuuma. Hakuwa fundi hata kidogo. Hata mpini wa jembe ulimshinda. Lakini alikata gogo, akachonga, akajikata vidole, akachonga tena, kila mara akiingia jikoni kupima. Alipomaliza, mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mingine. Nakunda akakikalia, akatulia tuli. Jamani, alikipenda kigoda kile!

Sasa, kila baada ya mavuno watu walileta kwenye nyumba ya maonyesho vitu walivyotengenezewa na wapenzi wao: vitana, mikeka, vibuyu vya shanga. Kazi nzuri ilitundikwa. Kazi mbovu iligeuzwa kuni za kuwapikia wageni. Nakunda akapeleka kigoda chake, kifua mbele. Kilipowekwa sakafuni, kikainama upande.

"Hicho kimelewa!" mtu akapiga kelele, na watu wakaangua kicheko. Senkondo akajificha nyuma ya umati. Bibi Nakiete, aliyekuwa mwamuzi, akakiinua akipeleke motoni.

Nakunda akakishika kwa mikono miwili. "Bibi, nakuheshimu, lakini hiki hakiungui. Njoo kwanza ukikalie jikoni kwangu. Ukianguka, nitakichoma mwenyewe."

Njia nzima alikikumbatia kigoda. Kikiungua, alijua Senkondo hatashika tena shoka kwa ajili ya mtu yeyote. Walipofika, akakiweka mahali pake, mguu mfupi upande wa juu. Bibi Nakiete akakaa. Akajisogeza. Akanyoosha miguu, kisha polepole akauachia ukuta.

"Mwanangu," alisema, "hebu nipakulie hapahapa."

Hakuinuka mpaka chungu kikaisha. Senkondo, aliyewafuata kwa mbali, alikuwa bado amesimama nje, anaona haya. "Ingia, fundi wangu," Nakunda akamwita kwa furaha. Bibi Nakiete naye alirudi kwake, akamkuta mumewe amejinyoosha kitandani. "Wewe! Nimezeeka nashikilia ukuta, na siku zote unakula tu?" Mzee wa watu akaenda kutafuta shoka.

Na tangu siku hiyo, vigoda vya Kwembago vina mguu mmoja mfupi. Ukiingia kwenye nyumba ya maonyesho utaviona vimeinama, hiki hivi, kile vile, wala hakuna anayethubutu kuvicheka. Na kijana wa huku akitaka kuoa, hachongi chochote kwanza. Anaomba ruhusa, anaingia jikoni, anakaa kimya pembeni, anamtazama mwenzake akipika.