Sukari ya Miezi Mitatu

Ndugu zangu, sogeeni mbele. Hapo nguzoni mnaegemea nini, darsa lenyewe fupi? Nina habari ya mtu mmoja, na jina lake silitaji, wala msianze kutazamana. Si wa mtaa huu. Angekuwa wa mtaa huu, ninyi ndio mngenisimulia mimi.

Bwana huyu alikuwa fundi wa kofia. Si kofia za mashine hizi mnazonunua dukani. Kofia za mkono, zile za kutoboa kitobo kimoja kimoja na kukizungushia uzi. Kofia moja miezi miwili. Maharusi walimfuata kutoka mbali, na wengine walisogeza siku ya ndoa ili kofia iwahi. Mtu wa miaka hamsini na tano, anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, huku anapiga soga na wewe. Hakuwa na shamba, hakuwa na duka, hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na macho yale mawili tu, na watu sita waliokula kwa macho hayo.

Basi akapimwa, akaambiwa ana sukari. Akapewa vidonge, akapewa kadi, akaambiwa kila Jumanne ya mwisho wa mwezi aje kliniki atobolewe kidole, wamtazame.

Sasa sikilizeni akili ya mwanadamu. Jumapili anakumbuka vidonge, anameza. Jumatatu anameza alfajiri, anafunga. Si sunna? Sunna kabisa! Jioni anafuturu uji usio na kitu, Jumanne asubuhi yuko kliniki, amenyooka. Anatobolewa kidole, sukari safi, kadi inaandikwa. Daktari anampa mkono: "Wazee wote wangekuwa kama wewe, mimi ningepumzika." Akitoka hapo moja kwa moja kwa muuza kahawa, kashata tatu. Nyumbani chai ya vijiko vinne. Mchana halua. Vidonge vinapanda juu ya kabati, vinangoja Jumapili ya mwisho wa mwezi ujao. Unacheka, Bwana Shekue? Cheka tu. Na wengine mnaocheka ninawajua Jumatatu zenu.

Pale kliniki palikuwa na nesi mmoja, binti mpole lakini king'ang'anizi. Akamwambia, "Baba, hiki cha kidole kinatuonyesha sukari ya leo tu. Kuna kipimo kingine, wengi hawakijui. Tunachukua damu kidogo mkononi, kinatueleza sukari yako ilivyokwenda miezi mitatu yote. Damu inaweka kumbukumbu, baba. Hebu nikupime."

"Mwanangu, kadi yangu si unaiona?"

"Naiona, baba. Ni nzuri mno."

"Basi damu yangu mnaitakia nini tena?"

Akamwomba mwaka wa kwanza, akamwomba wa pili, mpaka wa sita. Kila akiombwa, mzee ana haraka. Ana mteja. Ana maziko. Yule binti akishika sindano tu, kuna mtu amekufa!

Na mkewe je? Mkewe alijua. Chai ile nani alikuwa akiikoroga? Siku moja akajipa moyo, akasema, "Mume wangu, nakuomba, kubali hicho kipimo. Mimi naogopa."

"Unaogopa nini? Daktari mzima ananisifu, wewe ndiye unajua zaidi? Au unataka kunivua nguo mbele za watu?"

Mama wa watu akanyamaza. Na majirani wakamsifu, wakasema mwanamke yule ana adabu, anamsitiri mumewe. Jamani! Sitara gani hiyo? Unamfunika mtu shuka na nyumba inaungua?

Mwaka wa saba, asubuhi moja yuko kazini, akaona uzi mweusi juu ya kofia nyeupe. Akaubandua, haubanduki. Akapuliza, hauondoki. Alipoinua kichwa, uzi uko ukutani. Akatazama mlangoni, uzi uko mlangoni. Ndipo alipojua kwamba uzi umo ndani ya jicho.

Akapelekwa kwa daktari wa macho, mkewe kamshika mkono. Daktari akasema mishipa ya nyuma ya jicho imevuja damu, macho yote mawili, na haikuanza jana. Akaiomba kadi, akaisoma ukurasa kwa ukurasa. Miaka sita, safi, safi, safi. Akashangaa. Akaagiza kile kipimo cha miezi mitatu, na safari hii mzee hakuwa na maziko. Mgonjwa anayejitunza hutakiwa awe kwenye saba au chini yake. Yeye alikuwa na kumi na tatu.

"Mzee," daktari akasema, "hii kadi ya nani?"

"Yangu."

"Na damu hii ya nani?"

Mkewe ndiye aliyejibu: "Zote zake, daktari." Akalia palepale.

Tangu siku ile akatubu, wallahi akatubu. Kashata akaacha. Chai kavu. Vidonge kila siku, kwa saa. Wakamtibu macho, wakajitahidi. Mwaka mzima akashika miko ambayo wengi wenu hapa hamuwezi kuishika wiki moja. Kisha akarudi kwa yule binti wa kliniki, akampa mkono mwenyewe: "Nipime kile kipimo chako." Akapimwa. Sita na nusu! Binti akaruka, akapiga makofi, akaita wenzake waje waone. "Hongera, baba! Miaka yote nilikuwa nikikuombea namba hii. Itazame!" Akampa karatasi.

Mzee akaipokea kwa mikono miwili. Akaishika maandishi yakiwa kichwa chini.

"Nisomee wewe, mwanangu," akasema. "Mimi sioni tena."

Mlitaka niwaambie macho yalirudi, siyo? Nami nilitaka. Hayakurudi. Mnasema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu kifo hakikuja. Yuko hai, anakaa barazani, damu yake safi, na kofia aliyoiacha nusu hakuna wa kuimaliza.

Msiniulize kama toba yake ilipokelewa. Mola ni mwingi wa rehema, na mlango wake sijaona umefungwa. Lakini tusidanganyane. Utasamehewa kwa mtoto uliyempuuza, na mtoto atabaki ameshakua bila wewe. Utasamehewa kwa mke uliyemvunja moyo, na moyo wake hautarudi ulivyokuwa. Hilo ndilo linalonitisha, ndugu zangu, na miaka ishirini nakaa hapa mbele yenu sijapata dawa yake.

Sisi ni watu wa Jumatatu moja. Ukifika mwezi mtukufu, hapa ndani hapana pa kukanyaga. Mwezi wa Idi ukiandama, safu ya pili naihesabu kwa vidole. Mgeni akija tuna sauti laini, akiondoka nyumba inatetemeka. Tunajipima siku tuliyojitayarisha, kisha tunaringia kadi. Nani katika sisi amewahi kuomba kupimwa miezi yake mitatu? Na kipimo chenyewe tunacho nyumbani! Mkeo anaijua miezi yako mitatu. Mwanao anaijua, yule anayekatisha mchezo akisikia kikohozi chako mlangoni. Tena hao ndio tuliowafundisha kunyamaza, halafu tunasema wana adabu.

Mimi juzi nilimwuliza mke wangu, baada ya chai ya asubuhi. Nikamwambia, "Mama, niambie ukweli, mimi ni mtu gani humu ndani?" Akanitazama sana. Akasema, "Shehe, unataka ukweli, au unataka kwenda msikitini na furaha yako?"

Nikamwambia ukweli. Akaniambia, kwa utulivu, mpaka akamaliza. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na sijui kama nimewahi au nimechelewa. Haya, inukeni mwende, nanyi mkaulize leo hii.