Mama Ngiri na Pampu ya Mzee Ndovu

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa jua?

— Jua likawaka!

Pakawa mwizi?

— Mwizi akacheka!

Leo hacheki. Sogeeni, maana kisa hiki kinaniwasha kooni.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na simu kabla binadamu hawajazipata. Msiniulize walizitoa wapi. Walikuwa nazo.

Katika nchi ya Mikwajuni aliishi Mama Ngiri, mjane, pamoja na wanawe. Alilima mchicha na bamia kando ya mto, na bustani hiyo ndiyo iliyowalisha. Mwaka huo mvua ikagoma. Mto ukashuka, ukashuka, ukabaki mchirizi kule chini bondeni. Mama Ngiri akachota kwa kibuyu asubuhi, akachota mchana, akachota jioni. Mchicha ukazidi kunyauka.

Akafungua simu, akatafuta pampu. Akakuta mahali pameandikwa: "Duka la Mzee Ndovu. Uaminifu Kwanza." Picha ya Ndovu ipo, pembe zinang'aa. Picha ya pampu ipo, inamwaga maji kama mafuriko. Bei yake nusu ya ile ya Kiboko, mwenye duka pale kivukoni. Na chini, wateja wanasifu.

"Pampu nzuli sana," kaandika Chura.

"Nzuli sana," kaandika Popo.

"Nzuli," kaandika Konokono.

Jirani yake, Bi Kanga, akachungulia.

"Shoga, hilo duka umewahi kulifika?"

"Sijalifika."

"Unamjua yeyote aliyenunua hapo?"

"Simjui."

"Basi mwambie alete kwanza, uione ikivuta maji, ndipo ulipe."

"Dada, mboga zinakufa! Ndovu mzima na heshima zake aniibie mimi?"

Bi Kanga akainamisha kichwa, akarudi kwake.

Mama Ngiri akalipa. Mara ujumbe: "Mama yangu, bado nauli ya mzigo." Akatuma nauli. Mara ujumbe: "Mama yangu, mzigo umekwama kivukoni, lipa ushuru." Akatuma ushuru. Mara ujumbe: "Mama yangu mpenzi, bado ya kupakua tu." Akauza jembe lake, akatuma.

Punda mchukuzi akaleta boksi. Watoto wakaruka kwa furaha. Mama Ngiri akakata kamba, akafunua.

Ndani mlikuwa na mawe, na kibuyu kilichotoboka.

Akapiga simu, haipokelewi. Akapiga tena, inakatwa. Akapiga tena, ikawa haipatikani kabisa. Mkia wake ukasimama wima kama kijiti.

Na majirani je? Walimpa pole? Thubutu!

"Tamaa hiyo," akasema Nyani.

"Rahisi ghali," akasema Swala.

"Ungeuliza," akasema Nungunungu.

Jamani, dunia gani hii? Mwizi anaiba, anayesomewa mashtaka ni aliyeibiwa! Mwizi analala na shibe, aliyeibiwa analala na aibu!

Lakini Mama Ngiri hakulala na aibu. Alipanda juu ya kichuguu katikati ya malisho, akapaza sauti: "Sikieni nyote! Nimeibiwa! Nilidanganywa kwa picha na maneno matamu, nikauza hadi jembe. Mnaotaka kucheka, chekeni sasa hivi, mmalize. Kisha aniambie mwingine aliyeibiwa!"

Nyani akakuna kichwa. Kisha Bi Kanga akatokeza, machozi yanamlenga.

"Mimi, shoga. Nilinunua mashine ya kuangua mayai. Nililetewa mawe."

"Kwenye duka hilohilo?"

"Hilohilo."

"Uliniona nikilipa, Bi Kanga! Wanangu wanalala njaa, na wewe ulijua!"

"Niliona haya. Niliogopa mtanicheka."

Basi Swala naye akakohoa. "Na mimi. Taa ya jua." Nungunungu akanong'ona, "Na mimi. Cherehani." Haohao waliomlaumu!

Mama Ngiri akamgeukia Punda. "Boksi langu ulilichukua kwa nani?"

"Kwa Kenge, kule bwawani," akajibu Punda. "Mimi huambiwa beba, nabeba."

Wakamwendea kwanza Ndovu. Aliposikia kwamba uso wake unatumika kuiba, masikio yalimpiga mbavuni kwa hasira. Wakaenda bwawani wote. Wakamkuta Kenge amejilaza kwenye jua, simu mkononi, anaandika: "Pampu nzuli sana."

"Wewe ni nani?" Ndovu akauliza.

"Mimi? Mimi… Mzee Ndovu," akajibu kabla hajainua macho.

"Mkonga wako uko wapi?"

Kenge akainua macho. Ulimi ukamtoka, ukaingia, ukatoka.

Walimnyang'anya simu, wakawarudishia wenyewe fedha walizozikuta shimoni mwake. Zilizokwisha kuliwa, alizilipa kwa mgongo wake: kila siku alichota maji bondeni kwa kibuyu kilekile kilichotoboka, akayapandisha hadi bustanini, mpaka mvua iliponyesha. Mchicha nusu ulikwisha kufa. Nusu ukapona.

Mama Ngiri akaenda kwa Kiboko kwa miguu yake mwenyewe. "Nani amenunua kwako?" Akatajiwa Nyumbu, akaenda, akaiona pampu ya Nyumbu ikifanya kazi, akarudi kwa Kiboko. "Ikiharibika?" "Irudishe, mimi nipo hapahapa." "Iwashe." Maji yakaruka, yakamlowesha hadi masikio. Ndipo akalipa.

Tangu siku hiyo Ngiri akikimbia, mkia husimama: hasira hazijaisha. Na akiingia shimoni huingia kinyumenyume, macho nje, kwa kuwa haamini tena asichokiona.

Enyi wasikilizaji, picha si bidhaa, na sifa za kujiandikia si ushahidi. Muulize muuzaji yuko wapi, mtafute aliyenunua kwake, kione kitu kikifanya kazi, kisha ndipo ufungue kibindo. Na ukiibiwa, sema! Aibu ni ya mwizi. Ukimfichia, umempa shamba la jirani yako.

Hadithi yangu imefika ukingoni, nami nimetua mzigo wangu. Aliyesikia amsimulie asiyesikia.