Masikio ya Mbuzi wa Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na ukame, na ukame haukubisha hodi.

Hapo zamani za kale, wanyama walifuga mbuzi. Kila nyumba ilikuwa na alama yake, iliyokatwa kwa kisu kwenye sikio la mbuzi. Kwa Ngiri, mwenye kukata alikuwa mkewe, Mama Tunu.

Mvua ikakosa. Nyasi zikaisha, visima vikakauka. Mama Tunu akaugua, akafa. Siku Ngiri alipokuwa akimzika, mbuzi wake walikufa bondeni, na hakwenda kuwatazama.

Mvua iliporudi, Mfalme Tembo akatangaza msaada: aliyefiwa na mbuzi alete sikio la mzoga, apewe mbuzi hai kutoka zizi la mfalme. Kazi ya kugawa akapewa Korongo.

Ngiri akaenda, kwa kuwa Tunu alikuwa mdogo na nyumbani hapakuwa na maziwa.

“Sikio liko wapi?” akauliza Korongo.

“Sina. Nilikuwa msibani.”

“Pole, Baba Tunu. Lakini hakuna sikio, hakuna mbuzi.”

Nyuma yake akaja Fisi, ambaye hakuwahi kufuga hata kuku. Alikuwa ametoka bondeni, tumbo limejaa. Akatoa sikio. “Mbuzi wangu, jamani! Nilimlea kama mwanangu!” Akapewa mbuzi.

Siku ya pili Ngiri akaenda, akarudishwa. Fisi akaja amejipaka majivu, anachechemea. “Mimi ni mjomba wake Fisi.” Akatoa sikio, akapewa mbuzi. Korongo alitazama masikio tu, hakutazama nyuso.

Siku ya tatu Mfalme mwenyewe alikuwepo. Ngiri akaenda, akarudishwa. Fisi akaja amejitanda kanga mpaka puani. “Mimi mjane, Mfalme wangu. Ukame umenichukulia mume, umenichukulia na mbuzi.” Akaweka sikio chini.

Ngiri, aliyekuwa bado amesimama kando, akaliona. Mkato wake ulilala upande wa kushoto, kwa kuwa Mama Tunu alikuwa akikata kwa mkono wa kushoto.

“Mfalme,” akasema taratibu, “huu ni mkono wa mke wangu.”

“Mkono?” Fisi akadakia. “Wewe mzee, macho yamekwisha? Hili ni sikio!”

Watu wakacheka. Tembo hakucheka.

“Mama mjane,” akasema, “mbuzi utampata. Mtie alama ya nyumba yako hapa hapa, tuione.”

Fisi akashika kisu, akamshika mbuzi. Hakujua aanzie wapi. Akakata kidogo. Damu ikadondoka. Akailamba kidoleni. Akailamba tena. Mara, kwap! Akalimeza sikio zima, na ile nguo ikamdondoka: kumbe ni Fisi!

“Heee!” akapiga kelele ndege Kanga. “Alama ya kwao ndiyo hiyo? Mbuzi bila sikio?”

“Na wale mbuzi wawili wa kwanza, ambao Korongo amenieleza, wako wapi?” akauliza Tembo.

Fisi akashika tumbo, kisha akashika njia. Walimfukuza mpaka nje ya nchi, na tangu siku hiyo haruhusiwi kukaribia zizi la mtu.

Tembo akamgeukia Korongo. “Kuanzia leo, kabla ya sikio, waulize majirani.” Majirani wakaulizwa, na Ngiri akapewa mbuzi kadiri ya waliokufa.

Nyumbani akashika kisu kwa mkono wa kulia. Akasita. Akakihamishia mkono wa kushoto, akakata polepole. Mkato ukapinda kushoto.

Tunu akalishika lile sikio. “Baba, umekata kama mama.”

Ngiri akafunga mlango wa zizi, akaenda kukamua.

Basi, wasikilizaji, jifunzeni: aliyepata hasara ya kweli huenda akaja mikono mitupu, kwa kuwa msiba haukumpa nafasi ya kukusanya ushahidi. Mwenye kugawa msaada na amtazame mtu usoni, kisha awaulize majirani zake.

Hadithi yangu nimeifungia zizini. Atakayeitaka kesho, aje na kibuyu cha maziwa.